Nywele Kwenye Viota

Msusi alifanya kazi yake barazani, nyumbani kwake. Alikuwa na viti viwili vya plastiki, kioo kilichopasuka pembeni na mkebe wa kuwekea vitana. Wateja walikuja asubuhi, wakaondoka jua likielekea kuzama. Walizungumza mpaka koo zikakauka. Msusi aliwasuka kwa nywele za bandia, zile ndefu za plastiki, nyeusi, nyekundu na za kahawia. Kila msuko ulipokwisha, alikata ncha kwa mkasi. Ncha zilianguka chini. Jioni alizifagia akazisukuma uani. Kazi iliyobaki aliuachia upepo.

Ndani, karibu na dirisha, alilala mumewe. Watu walimwita Fundi, kwa kuwa alikuwa mwashi. Mwaka uliopita jukwaa la ujenzi lilivunjika, akaanguka na tofali zake. Aliumia uti wa mgongo. Tangu siku ile miguu yake haikumtii tena. Mwanzoni mafundi wenzake walikuja kumjulia hali. Walikaa, wakatazama sakafu, wakaaga. Kisha mmoja mmoja wakakata mguu.

Waliobaki ni ndege. Nje ya dirisha kulikuwa na mgunga. Kwenye matawi yake waliishi mnana, ndege wadogo wa manjano wanaosuka viota vyao kwa majani. Fundi aliwatazama kutwa.

"Mwone yule," alimwambia mkewe. "Hana mwiko, hana timazi. Lakini ukuta wake hauendi upande."

"Basi mpe kazi," alisema Msusi.

"Atanishinda kazi, niaibike."

Mazungumzo yao ya siku nzima mara nyingi yalikuwa hayo tu.

Mchana mmoja binti yao alirudi kutoka shule. Alikuwa msemaji sana, ndiyo maana wakamwita Chiriku. Siku hiyo alisimama chini ya mti akapiga kelele.

"Mama! Mama, njoo! Ndege amejinyonga!"

Msusi alimwacha mteja kitini, akatoka. Mnana mmoja alikuwa ananing'inia kichwa chini. Mguu wake ulikuwa umefungwa na kitu chembamba. Mabawa yalikuwa yamelegea. Alikwisha kufa.

Msusi aliingia ndani. Fundi alikuwa amemwona zamani.

"Tangu lini?" aliuliza Msusi.

"Tangu asubuhi."

"Mbona hukuniita?"

"Ulikuwa na mteja. Nikadhani atajinasua." Fundi aliligeukia tena dirisha. "Alipigapiga mabawa mpaka akachoka. Yeye hawezi kuruka, mimi siwezi kuinuka. Tukawa tunatazamana tu."

Siku hiyo hakugusa chakula.

Baada ya siku chache alining'inia ndege mwingine. Kisha mwingine. Chini ya mti Chiriku aliokota kifaranga kilichokauka. Fundi akasema, "Funga pazia."

"Mchana huu?"

"Nimesema lifunge, Mama Chiriku."

Msusi alilifunga. Fundi aligeuza uso ukutani. Chumba kikawa na giza na harufu ya dawa. Msusi alisimama mlangoni, akaogopa. Siku mume wake alipoanguka hakuogopa namna ile.

Nyumba ya tatu kutoka hapo aliishi Mkunga. Nusu ya watoto wa mtaa ule walizaliwa mikononi mwake. Kila Jumamosi asubuhi alitoka na kikundi chake, darubini shingoni, kwenda kutazama ndege na kuwahesabu. Watu waliwacheka. "Wanahesabu ndege utadhani wanataka kuwatoza kodi!" walisema.

Siku moja Mkunga alikuja kusukwa. Kichwa kilipofika nusu, aliuliza, "Fundi amelala? Mbona pazia limefungwa?"

Msusi alimweleza yote. "Sijui ni ugonjwa gani umeingia kwenye mti ule," alimaliza. "Wanakufa wakining'inia. Na mume wangu anakwisha pamoja nao."

Mkunga aliinuka. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umesukwa, wa pili umesimama wima. "Una ngazi?"

Ngazi ilikuwepo, nyuma ya nyumba. Ilikuwa ya Fundi. Hakuna aliyeigusa tangu aanguke. Msusi alisita, kisha akaenda kuichukua. Aliishika kwa mikono miwili huku Mkunga akipanda.

Mkunga alishuka na kiota kimoja, akakiweka juu ya kiti.

"Kwa kawaida kiota chenye makinda hakiguswi," alisema. "Hiki nimekitoa kwa sababu kuna aliyenaswa. Tazama."

Alikipanua taratibu. Nje kilikuwa cha majani. Ndani kilikuwa cha nywele, nyeusi na nyekundu, zimejisokota kama uzi kwenye cherehani mbovu. Katikati walikuwamo makinda wawili. Mmoja alikuwa amekufa. Wa pili alipumua kwa shida, nywele nyekundu zimemzunguka mguu.

"Nipe mkasi wako mdogo," alisema Mkunga. "Na kitambaa. Usivute nywele, utamkata mguu. Mfunike kichwa atulie, kisha ukate moja moja."

Alikata. Mguu ulikuwa mweusi, umekauka kama kijiti.

"Damu haikupita humu kwa siku nyingi," alisema. "Jani ndege akilivuta linakatika. Likinyeshewa linaoza. Nywele hizi ni plastiki, hazikatiki wala haziozi. Kinda anakua, nazo zinazidi kukaza. Mama yake haoni hatari. Anaona uzi laini, mrefu, umelala bure uani."

Msusi alitazama mkasi, kisha sakafu ya baraza. "Kwa hiyo ni mimi."

Mkunga hakumbembeleza. "Ni wewe. Ni fundi cherehani na nyuzi zake. Ni kinyozi na nywele anazotupa." Akashika ule uzi mwekundu. "Na ni mimi. Rangi hii ulinisuka mimi mwezi uliopita. Kila Jumamosi natembea mbali kuwatafuta ndege, kumbe kichwani nimebeba kitanzi chao."

Walikirudisha kiota kwenye tawi. Yule kinda hakufika jioni.

Mkunga aliposukwa upande uliobaki na kuondoka, Msusi aliingia chumbani. Alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Baba Chiriku, wale ndege nimewaua mimi. Ni nywele ninazofagia."

Inzi alitembea juu ya shuka, wala Fundi hakumfukuza.

"Ulikuwa hujui," alisema hatimaye.

"Sasa najua."

"Basi fungua pazia. Nione utafanya nini."

Kuanzia kesho yake, kila ncha aliyoikata Msusi iliingia kwenye gunia dogo lililofungwa kwenye mguu wa kiti. Hakuzichoma, kwa maana Mkunga alimwonya kwamba moshi wa plastiki ni sumu kifuani. Gunia likijaa, alilifunga mdomo na kulipeleka kwenye pipa la taka lenye mfuniko. Wateja walioangusha nywele waliambiwa waokote.

Kisha alikwenda kwa fundi cherehani.

"Mume wako yuko kitandani," alisema fundi cherehani, "nawe unawalilia ndege?"

"Ndiyo maana nawalilia," alisema Msusi. "Ndio watu anaowaona."

Fundi cherehani aliinamisha kichwa. Alisimamisha mashine, akachukua mfuko mtupu wa unga, akauning'iniza mezani. Kinyozi naye alikubali. Lakini msusi mwingine, yule wa kona, alicheka mpaka akashika mbavu, akaendelea kutupa. Chiriku alipita kwake kila akitoka shule, akaokota, huku akimpigia maneno mpaka yule mama akaziba masikio.

Kabla msimu haujaisha, walikufa mnana wengine watatu. Walikuwa wamekwisha kusuka nywele za zamani. Msusi aliwazika mwenyewe nyuma ya nyumba.

Viota vilipobaki vitupu, kikundi cha Mkunga kilikuja Jumamosi moja. Walichunguza kila kiota. Vyenye makinda havikuwepo tena, kwa hiyo waliweza kuviondoa vile vyenye nywele. Kijana mmoja aliegesha ngazi kwenye shina.

"We!" sauti ilitoka dirishani. "Ngazi haikai hivyo! Mguu wa kushoto unazama! Weka tofali chini yake!"

Msusi aligeuka. Ilikuwa sauti ya mumewe ya kazini. Hakuwa ameisikia kwa mwaka mzima.

Walipomaliza, nywele zilijaza gunia. Mkunga aliingia chumbani na darubini, akaiweka mikononi mwa Fundi.

"Sisi tunakuja Jumamosi tu," alimwambia Fundi. "Wewe uko hapa kila siku. Ukimwona aliyenaswa, mpigie kelele mtu yeyote. Hii si zawadi, ni kazi."

"Siku hizi nani anampa mlemavu kazi?" aliuliza Fundi.

"Mimi."

Mvua zilichelewa. Mti ulibaki mtupu wiki baada ya wiki. Daktari naye alisema wazi kwamba miguu haitarudi. Fundi alipata vidonda mgongoni, akapungua mpaka pete ikamtoka kidoleni. Kila asubuhi aliinua darubini, akaishusha. Msusi hakuthubutu kumuuliza.

Mvua ilipoanza, walikuja mnana wachache. Hawakufika hata nusu ya wale wa zamani. Walisuka viota vya kijani kitupu. Msusi alivitazama kutoka barazani, akingoja kuona kitu kinaning'inia.

Makinda wa kwanza waliporuka, kikundi kilikuja. Walisimama nje ya dirisha, kofia zimelowa manyunyu. Msusi alikuwa na kichwa cha mteja mikononi.

"Fundi, tupe habari," alisema Mkunga.

Fundi alijikohoza. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini ilifika barazani. "Viota vilivyokuwa na makinda ni saba. Kimoja kiliangushwa na upepo. Vingine sita, makinda wameruka."

"Walionaswa?"

Vidole vya Msusi vilisimama.

"Hakuna."

"Sema tena," alisema Mkunga, ingawa alikuwa amesikia.

"Hakuna," alisema Fundi. "Hata mmoja."

Mteja aligeuza shingo. "Mama Chiriku, mbona umenyamaza? Unalia?"

"Inamisha kichwa," alisema Msusi. "Tumalize."