Ifukuzwe

Kila asubuhi, kabla ya kuingia kazini katika kliniki ya macho huko Ganjoni, Rispah aliketi kwenye benchi la Bi Duha, muuza mahamri wa mtaa wa Kuze, akaagiza mahamri mawili na mbaazi, kisha akafungua daftari dogo lenye mstari katikati. Kushoto aliandika fikira mbaya iliyomjia, kulia jibu lake. Mke wa mchungaji ndiye aliyewafundisha wanawake kanisani: Paulo alisema fikira zitekwe nyara, na huwezi kumteka usiyemjua jina. Rispah, ambaye kikohozi kimoja kilimtosha kuwaza mpaka mazikoni, alilishika somo hilo kwa mikono miwili.

Jumanne moja, akiandika, mnong'ono wake kwa fikira ukamponyoka ukawa sauti.

"Nimekuteka nyara," alisema.

Kijana wa pembeni, mwenye shati la samawati lililopigwa pasi vizuri na kitambulisho cha bandari shingoni, alisimamisha hamri njiani kuelekea mdomoni.

"Mimi? Hata mbaazi sijamaliza."

"Nenda naye, mwanangu," alisema Bi Duha akikoroga sufuria. "Huyu yuwaonekana hatesi mtu."

Ndivyo alivyompata Charo. Tangu hapo simu ya mchana haikukosa: "Mtekaji, umekula?" "Mateka, rudi kazini." Jumapili Charo alikwenda naye kanisani, akaimba nje ya sauti bila wasiwasi wowote. Jioni walitembea ufukweni Mama Ngina wakila mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na Charo akimtania Rispah kuhusu Kiswahili chake cha bara. Mtu wa pwani, alisema, huzaliwa na ngeli mdomoni.

Tatizo lilikuwa moja tu. Charo alikuwa amemwambia mara mbili kwamba anampenda. Mara ya kwanza Rispah alijibu, "Asante." Mara ya pili alijitahidi zaidi: "Asante sana."

Siku moja akalisahau daftari kwenye benchi. Bi Duha akampa Charo ampelekee, naye akalifungua kuhakikisha ni la nani. Kushoto: Charo. Kulia: Si kweli. Ifukuzwe. Akafunua ukurasa. Charo. Si kweli. Ifukuzwe. Siku kumi na moja mfululizo.

Mchana simu ikaja, bila mtekaji wala mateka.

"Rispah, daftari lako liko kwa Bi Duha. Nimejiona kushoto. Kazini wanatafuta mtu wa kuhamia kituo chao cha Naivasha. Nitawajibu jioni."

Akakata. Rispah alipopiga, hakushika.

Amekuchoka, fikira ikamwambia. Mkono ulitafuta daftari, halipo. Ikabidi ajiulize bila kuandika: ni kweli? Hakujua. Na aliyejua hakuwa ndani ya kichwa chake. Hapo simu ikalia, Bi Duha.

"Ndoo huku mbio. Nimemzuia Charo hapa. Saa nzima yuwangoja viazi karai ambavyo hata sijamenya."

Rispah aliomba ruhusa, akapanda tuk-tuk akiwa na koti lake jeupe la kliniki, akashuka mdomoni mwa kichochoro cha Bi Duha na kukimbia. Charo alikuwa benchini, chai imepoa, daftari mapajani.

"Kushoto ni upande wa uongo," alisema bila kuinua macho. "Wewe mwenyewe uliniambia."

"Huwa nafupisha."

"Wafupisha nini?"

"Daftari ni dogo. Fikira yenyewe ilikuwa 'Charo ananionea huruma tu.' Siku nyingine, 'Charo ataniacha.' Nikaandika Charo, basi."

"Na hili la kufukuzwa?"

"Ni fikira, Charo. I-fukuzwe. Ungekuwa wewe ningeandika afukuzwe."

Charo alilitazama neno, akalitazama tena. Bi Duha aliweka mwiko chini taratibu.

"Yakhe," alisema, "na wewe ndiye uliyezaliwa na ngeli mdomoni?"

Charo alicheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akatulia, akamsogezea Rispah daftari.

"Haya. Kama hayo ni uongo, kweli ni ipi?"

Rispah akachukua biro. Bi Duha akamnyang'anya, akaichomeka kwenye kilemba chake.

"Mdomo, mwanangu."

Utachekwa, fikira ikasema. Rispah aliiacha iseme.

"Charo, kila niliposema asante," alisema, kwa sauti iliyowafikia hata wateja wa benchi la mwisho, "nilimaanisha nakupenda. Na Naivasha usiende."