Kikanzu cha Bafta

Haya yalimpata shoga yangu Mwanaima wa Milola, mwenye mkono mzuri wa kushona na roho mbaya ya ubahili. Wakati wa vita, nguo zilipoadimika, alipewa bafta ashone sanda ya jirani. Akabania hata vitambaa vya kufungia kichwa, kiuno na miguu; marehemu akafungwa kwa ukili.

"Maiti hatembei, shoga. Urembo wa nini?" akanicheka.

Bafta iliyobaki akaishona kikanzu, akampelekea rafiki yake Esha aliyejifungua. Esha akamvika mwanawe, akamlaza chumba cha ndani chenye giza.

"Una mkono wa heri, Mwanaima!"

Mara wakasikia nguo ikichanika humo ndani, chwaaa, mara tatu.

Wakaingia na kibatari. Pindo la kikanzu lilikuwa limechanwa, na mtoto, kimya, amefungwa kichwani, kiunoni na miguuni.