Daftari la Munyakazi

"Pweza iko na mioyo ngapi?"

Hilo ndilo swali Nestor alilouliza kanisani, kwenye kambi ya wakimbizi ya Rubondo, baada ya ibada ya Jumapili moja ya mwaka 2008. Bienfait, mpiga ngoma wa kwaya, akajibu upesi, "Moja!" Kabla watu hawajacheka, kichwa chake kiligeuka kwa mlio wa kofi, mdomo ukapasuka, na hapakuwa na mtu karibu yake.

"Ni mitatu," Nestor akasema, akafunua ukurasa mwingine wa daftari lake.

Mariette, mke wake, alikaa benchi la mbele. Kofi lilimshtua, lakini sauti iliyotoka kinywani mwa Nestor ndiyo iliyomtisha zaidi. Haikuwa ya mumewe. Ilikuwa kavu, ya kukwaruza, kama ya mtu ambaye koo lake halijapata tone la maji kwa siku nyingi.

Kila Jumapili watu walijaa kushindana na maswali ya Nestor. Yalikuwa magumu hata walimu wa shule yaliwashinda, na mkulima huyu wa maharage akaheshimika kama msomi. Mariette peke yake alijua kwamba hakutunga hata moja. Mwaka 1996, wakikimbia vita kutoka Uvira, walimkuta mwalimu mmoja kwenye mlima wa Itombwe, ana risasi tumboni na begi kifuani. Ndani ya begi mlikuwa na daftari la maswali, jina Munyakazi limeandikwa juu. Nestor alilichukua begi lile, na mwalimu alikuwa bado anapumua.

Siku ya pili yake, wakila ugali mchana, harufu ya damu iliyokaukia juani ikajaa nyumba. Nestor akaweka tonge chini, akamkazia macho binti yao Ushindi, wa miaka kumi na miwili.

"Mufupa mudogo kupita yote ya mwili iko wapi?"

"Sijue, papa."

Ushindi akapiga ukelele na kushika sikio. Damu ikapita katikati ya vidole.

"Ni fasi hiyo," sauti ikasema.

Mariette akamsukuma mtoto nje na kujitupa mlangoni, lakini mkono usioonekana ulimnyanyua ukamgonga ukutani, na ile sauti ikamuuliza mji mkuu wa Bhutan, naye hakujua, kidole chake kimoja kikavunjika kama kijiti, ikamuuliza jingine na jingine, na kila aliposhindwa kidole kingine kikaenda, mpaka majirani walipovunja mlango na kumfunga Nestor kamba za ng'ombe.

Asubuhi Ushindi aliachwa kwa jirani. Bienfait alisaidia kumpakia Nestor kwenye pikapu hadi Mbarara, kwa Goreti, mjane wa askari, aliyeishi karibu na kambi ya jeshi ya Makenke, ambaye watu walimjua kwa kufukuza pepo kwa maombi. Goreti alimtazama Nestor, kisha akamtazama Mariette kwa muda mrefu zaidi.

"Nyabo, mama yangu, hii pepo hapana kuja bure," akanong'ona. "Iko na kesi na nyinyi. Ikiuliza, wewe jibu kweli."

Akaanza kusali. Kamba zikakatika. Nestor alipiga uso wake kwenye sementi, akaupiga tena, meno yakaruka chini ya kiti. Bienfait alipojaribu kumshika akatupwa dirishani pamoja na vioo, na Goreti, damu ikimtoka puani, aliendelea kusali bila kupumzika wakati shingo ya Nestor ikijipinda polepole, mifupa ikilia, mpaka macho yake yakamkuta Mariette.

"Kidumu yenu ilikuwa na mayi ya kunywa," sauti ikasema. "Niliomba. Nani alikataza?"

Mariette akageuza uso. Shingo ikapinda zaidi.

"Sema!" Goreti akamfokea. "Atakufa!"

"Ni miye!" Mariette akalia. "Nestor alisha fungua kidumu. Miye nilimushika mukono. Nilikuwa na mutoto muchanga ku mugongo. Nilimwambia, huyu anakufa tu, tusiharibu mayi."

Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amemwacha mumewe abebe lile jambo peke yake.

"Umejibu," sauti ikasema, na pumzi ndefu ikatoka kinywani mwa Nestor, ikazima makaa jikoni, ikapita mlangoni.

Goreti akamwinua Nestor kichwa, akamnywesha maji. Alikunywa taratibu, mdomo umejaa damu. Sauti iliyorudi ilikuwa yake mwenyewe, ile ya Uvira, na Mariette akaanza kulia kwa furaha, akimshika mkono kwa vidole vyake vilivyovunjika.

Nestor akautazama ule mkono. Akautoa wake polepole, kwa adabu.

"Mama, samahani," akasema. "Hapa ni fasi gani? Na weye ni nani?"

Mariette akaelewa kwamba ile pumzi ilikuwa imeondoka na kumbukumbu zote za mumewe.