Mbuzi Watatu wa Mjomba Korane

Kila tarehe tano ya mwezi, Hinda alipotoka shuleni hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia dukani kwa Mahat, karibu na soko la mifugo la Garissa, duka lililonuka chumvi na ngozi tangu mlangoni. Mahat alinunua ngozi za mbuzi kwa wafugaji, akazipeleka Mombasa, na kutoka huko zikapanda meli hadi Italia. Tena alikuwa na taar, ile redio ya kuzungumza na watu wa mbali. Kwa redio hiyo alipokea habari za pesa ambazo Korane, mjomba wake Hinda, alimtumia mama yake, nyanya yake Hinda, kutoka Jeddah. Korane alikuwa dereva wa lori huko.

Kuchukua pesa hizo hakukuhitaji kitambulisho. Hinda alisimama mbele ya meza akataja jina la nyanya yake, Safiyo, kisha la baba yake Safiyo, kisha la babu yake, mpaka akafika jina la nane bila kukwama. Mahat alitikisa kichwa kwa kuridhika, akampa bahasha iliyofungwa.

Nyanya, ambaye Hinda alimwita ayeeyo kama watoto wote wa kwao, hakuwa na habari na shilingi. Alizaliwa na kuzeeka katika ufugaji, na kila kitu alikipima kwa mbuzi. Mshahara wa mwalimu wa Hinda ulikuwa mbuzi sita. Redio ya jirani, mbuzi watatu, na ayeeyo alishikilia kwamba jirani alipunjwa. Januari ya mwaka 1994, Korane alituma shilingi elfu sita na mia nane. Mbuzi mmoja aliuzwa mia sita, kwa hiyo ayeeyo akatangaza kwamba mwanawe ameleta mbuzi kumi na mmoja na mguu mmoja. Akainua mikono, akamwombea dua ndefu hata chai ikapoa.

Mwaka ule bahasha ikaanza kukonda. Mbuzi kumi, kisha tisa na nusu, kisha tisa. Dua nazo zikafupika. Januari ya 1995, Hinda akiwa ameingia darasa la saba na viatu vyake vimetoboka, bahasha ilikuwa na mbuzi wanane tu.

"Mbuzi watatu wamepotea kati ya Jeddah na Garissa," ayeeyo alisema. "Fisi hakuwala. Korane ameoa huko, ndiye huyo mke anayewala."

Swali moja tu kwa Mahat lingetosha kumaliza maneno. Lakini kumuuliza mfanyabiashara mwanao ametuma kiasi gani ni kumvua mwanao nguo mbele za watu, na ayeeyo alimkataza Hinda kabisa. Basi shaka ikabaki nyumbani, wakala nayo na kulala nayo.

Kila mwaka kabla ya Ramadhani, jirani yao Yakub alikwenda umra, na ayeeyo alimpa mkebe wa nyirinyiri, nyama iliyokaushwa na kukaangwa kwa samli, amfikishie Korane pamoja na kaseti yenye salamu zake. Mwaka huu alisema nyirinyiri haitoki. Kaseti ilitoka, ila haikuwa ya salamu. Ayeeyo alisogeza mdomo karibu na redio kaseti akamwambia Korane kwamba mke akiwa mtamu kuliko mama, basi asijisumbue kutuma makombo. Alipoondoka kwenda kutawadha, Hinda akabonyeza kitufe na kuongeza lake kwa huyo abti, yaani mjomba: "Abti, kama umetuchoka sema tu. Nitaacha kukungoja." Jioni ileile akampelekea Yakub kaseti. Safari ilikuwa Alhamisi asubuhi.

Jumatano mke wa Yakub alimpa Hinda ngozi ya mbuzi aliyechinjwa kumuaga mumewe, amuuzie. Dukani Mahat aliigeuza, akaisifu kwamba haina tundu, akatoa shilingi arobaini. Mwaka uliopita ngozi kama hiyo ilikuwa sitini. Wafugaji wawili waliomtangulia walikuwa wametoka wakinung'unika, na Hinda naye uvumilivu ukamwishia.

"Adeer, mwaka huu kila anayeshika pesa za nje anatupunja," alisema, akimwita baba mdogo kwa heshima. "Hata abti Korane."

Alipolisikia neno lake mwenyewe alitamani kulirudisha. Mahat hakukasirika. Alimvutia kigoda, akachukua kalamu, akaandika nyuma ya pakiti ya majani ya chai.

"Mwitalia ananilipa dola moja na nusu kwa ngozi," alisema. "Mwaka jana nilipobadilisha dola moja nilipata shilingi sitini na nane. Leo napata arobaini na tano. Piga hesabu wewe, uko darasa la saba."

Hinda alipiga. Ngozi iliyokuwa inamletea Mahat shilingi mia moja na mbili sasa ilimletea sitini na saba na senti hamsini. Humo alipe chumvi, lori na vibarua. Mahat akaeleza kwamba Mwitalia hakupunguza kitu. Shilingi ndiyo iliyopata nguvu. Anayeleta dawa au mashine kutoka nje alifurahi, maana alizipata kwa shilingi chache, lakini anayeuza nje, na anayefanya kazi nje akatuma nyumbani, aliumia bila kosa lake.

Kisha akafungua daftari la taar. Korane alikuwa akituma dola mia moja kila mwezi. Tangu Septemba alituma mia na kumi.

"Mshahara hajaongezwa," Mahat alisema. "Wenzangu wa Jeddah wananiambia Ijumaa, siku yake ya kupumzika, anaosha magari ya watu. Alisikia shilingi imepanda, akaogopa mtapungukiwa. Nilidhani mnajua. Hamkuuliza."

Hinda alitoka mle dukani macho yamejaa machozi. Angeweza kwenda kwa Yakub kimyakimya, akaichukua ile kaseti na kuitupa, na asingejua mtu. Lakini ayeeyo angeendelea kumwazia mwanawe mabaya. Basi alirudi nyumbani akasema yote, kwamba alivunja katazo, na kwamba yeye pia alimtukana mjomba wake kwenye kaseti.

Ayeeyo aliinuka. Hakumgombeza. Alijifunga shuka yake, akashika mkono wa Hinda, wakaenda pamoja kwa Yakub, na mbele ya watu waliokuja kumuaga akaomba kaseti yake. Alisema wazi kwamba amemdhulumu mwanawe. Muda wa kutengeneza nyirinyiri haukuwepo tena, na Yakub alipoona mama wa watu analia, akamega nusu ya nyirinyiri aliyojiwekea ya njiani, akaitia kwenye mkebe wa Korane.

Wakarekodi upya palepale. Ayeeyo alimwombea Korane dua ndefu kuliko zote alizowahi kumwombea, akamshukuru Mungu kwa kumpa mtoto kama yeye.

"Mwanangu," alimalizia, "zile kumi usizitume tena. Ijumaa lala."

Kisha ikawa zamu ya Hinda. Alimwomba abti msamaha, akamwambia kwamba viatu vyake vinashoneka na bado anamngoja. Yakub akaitia kaseti kwenye begi lake.

Njiani kurudi, ayeeyo alimwambia Hinda kwamba leo mtoto amemfundisha mtu mzima, na kwamba kuja kwake kusema ukweli kulitaka moyo.

"Nami nikufundishe moja," akasema. "Nilihesabu kilichonifikia, sikuuliza kimemgharimu nini aliyekituma. Wewe ukipewa kitu, uliza hilo kwanza. Na ukiwa na shaka juu ya mtu, muulize kabla hujamhukumu."

Hinda aliitikia. Walipofika nyumbani ayeeyo akatoa ile bahasha ya mbuzi wanane, akaihesabu upya. Mara hii alianza kwa Ijumaa za Korane, moja baada ya nyingine, na kwa kila moja akasema alhamdulillahi.