Madirisha ya Hoteli ya Seif

Saa moja asubuhi jiko la gesi lilipasuka katika hoteli ya Bwana Seif, Igogo. Mpishi Nkwabi alikutwa chini, nyuma ya mlango wa jikoni, mikono imebabuka hadi viwikoni. Ilikuwa Oktoba 1961, mji mzima ukingojea uhuru.

Inspekta Luhaga alipofika kutoka hospitali alikolazwa Nkwabi, mhalifu alikuwa amekwisha kupatikana. Ndivyo walivyo wenye mali, huwarahisishia polisi kazi. Yunus, msaidizi wa mpishi, alikuwa ametiwa pingu.

"Jana nilimfukuza kwa wizi wa nyama," Seif alisema. "Karudi usiku, kafungulia mtungi."

"Afande, nililala kwa mama, Pasiansi! Mpira wa gesi unavuja tangu juzi, nilimwambia bwana."

"Mwongo! Hata ungevuja, madirisha yalikuwa wazi usiku kucha. Gesi ingetoka."

Luhaga aligeuka kutazama ukumbini. Alfajiri ile wingu la vijidudu vya ziwani lilikuwa limeupitia mji. Ukumbi wa chakula, uliolala wazi, ulikuwa mweusi kwa mizoga yao. Aliingia jikoni, akainamia karo lililojaa maji. Halikuwa na hata kijidudu kimoja.

"Madirisha ya huku yalifungwa, Bwana Seif."

"Basi... kayafunga Nkwabi. Nani anataka wali wa vijidudu?"

Inspekta alitoka uani, akarudi na ubao wa dirisha uliorushwa na mlipuko. Ulikuwa na misumari mipya, imepigiliwa kutoka nje.

"Na hii pia kapigilia Nkwabi?"

Seif aliusukuma ubao pembeni.

"Kapigilia bwana mwenyewe, afande," Yunus alisema, "eti tusipitishe nyama. Na mlango anatufungia kwa ufunguo mpaka chakula kiive. Mle ndani ni giza, tunapika kwa mwanga wa kandili."

Hasira ilimpanda Luhaga, wala hakuificha. "Gesi na kandili, na watu wamefungiwa kama kuku! Nkwabi kaniambia alisikia harufu, akagonga mlango kitambo kabla ya moto. Ufunguo alikuwa nao nani?"

Seif aliutazama mlango. Askari alikuwa amesimama hapo.

"Mimi," alisema.

Luhaga alimfungua Yunus pingu, akamtia Seif. Yunus hakuondoka.

"Bwana, ina maana hukumsikia?"

"Nilimsikia. Nilidhani ni ujanja wa kutoka na nyama." Seif alishindwa kumtazama. "Wageni waliuliza kelele za nini. Nikawaambia ni fundi, anatengeneza mlango."