Kengele ya Jamal

Kengele ya baiskeli ililia langoni, mara mbili, jua likizama. Khamisa alikuwa jikoni akikoroga mboga, akajibu bila kufikiri, "Karibu, mwanangu!" Kisha mwiko ukamponyoka. Jamal, mwanawe wa pekee, alikuwa kaburini tangu mvua zilizopita, na baiskeli yake ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa uani.

Kosa lilifanyika hapo. Wazazi wa Khamisa walitoka pwani, na walimlea akijua kwamba wakati wa magharibi mtu hajibu hodi ya asiyemwona. Jini havuki kizingiti cha mtu mpaka akaribishwe. Lakini mama anayengoja mlio fulani jioni zote hizo atakumbuka mafunzo gani?

Baiskeli ilifufuliwa na mumewe, Abubakar. Mto mkavu wa mchanga wa karibu na Zombe uliteremsha maji ghafla, bila hata tone la mvua huku chini, ukamchukua kijana akirudi nyumbani. Baiskeli ilifukuliwa baadaye, imeshiba mchanga. Abubakar hakulia mazishini, watu wakasema ana moyo wa jiwe. Aliifungua baiskeli yote, akaloweka cheni kwenye mafuta ya taa, akabadilisha gololi za magurudumu, akapiga msasa kutu mpaka chuma kikang'aa. Ilikuwa ya zamani, si ya milimani wala ya mashindano, ya katikati tu, fremu nzito ya chuma. "Za siku hizi ni bati," alizoea kumwambia Jamal, na Jamal alizoea kumcheka.

Tangu Khamisa alipoitikia, chumba cha kijana kilianza kunuka matope ya mto. Gurudumu la nyuma lilizunguka lenyewe uani, tik tik tik, likisimama mtu akitoka na kuanza tena akiingia, na asubuhi moja Khamisa alipokunjua shuka la Jamal, shuka alilolifua na kulianika mwenyewe, alikuta mchanga mbichi umelala katikati ya kitanda kwa urefu wa mtu.

"Baba Jamal, amerudi," alinong'ona.

"Nyamaza. Si nilimshusha kaburini na hii mikono? Hiyo kitu si mtoto wetu."

"Hiyo baiskeli pelekeni soko ya Nunguni," jirani yao Nthenya, mtu wa kanisa, alishauri kutoka ng'ambo ya ua. "Iwasumbue watu wa huko!" Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Abubakar alimleta Sheikh Khalid kutoka mjini Kitui. Sheikh alisoma Kurani chumba kwa chumba, akinyunyiza maji aliyoyasomea, mpaka harufu ikakatika.

"Jini limetoka," alisema. "Baiskeli muiweke nje ya lango. Jioni litakuja kuwajaribu. Litaita. Mkilikaribisha tena, mimi sina uwezo."

Alisema hivyo akimtazama Khamisa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, lakini wakisema hivyo macho yote huenda kwa mama.

Abubakar aliisukuma baiskeli nje mwenyewe, akapangusa kiti kwa mkono wa kanzu, akarudi na kufunga lango.

Giza lilipoanza kuingia waliketi mkekani. Khamisa alijaza pindo la leso mdomoni. Kengele ililia, mara mbili.

"Mama, nimelowa. Nifungulie."

Ilikuwa sauti yake, na mkwaruzo wake, na ile njia yake ya kuvuta neno mama kama mtoto mwenye njaa, na Khamisa alilia mpaka mabega yakatikisika na leso ikaloa mate na machozi, lakini hakufungua mdomo.

"Mama?"

Kisha magurudumu yakaanza kuondoka, tik tik tik, polepole, yakielekea mtoni. Khamisa akatoa leso, akavuta pumzi. Akadhani yamekwisha.

Magurudumu yakasimama.

"Baba," sauti ikasema kwa mbali. "Umeitengeneza vizuri. Asante, Baba."

Khamisa aligeuka kumshika mumewe mkono. Abubakar alikuwa tayari amesimama, uso wote machozi.

"Karibu, mwanangu," akasema, akaenda kufungua lango.