Kuna Mtu Anasikiliza

Duka la kuchapa lilijaa hadi foleni ikamwagika barabarani, na mashine, kama ilivyo ada ya mashine, ikachagua wakati huohuo kukwama. Mwalimu wa jiografia, shati la samawati limenyooka kwa pasi, akachungulia karatasi za dada aliyesimama mbele yake. Aliona mdomo uliofungwa zipu.

"Huyu anaumwa jino?"

Dada akageuka. Alivaa gauni la kijani lenye doa la wino begani, na alikuwa na hasira za mtu ambaye kazi yake imekataliwa asubuhi. "Huyo amezuiwa kusema mtandaoni. Nachora mabango ya maonyesho, kuhusu tovuti zinazofungwa na maneno ya watu yanayofutwa."

"Basi niwie radhi. Mimi nilishaanza kumtafutia daktari."

Mchoraji akacheka bila kupenda. Yakaanzia hapo, mapenzi hayabishi hodi.

Mwalimu alikuwa amefiwa na mkewe, na bado aliishi na mama mkwe wake katika nyumba ambayo ukipiga chafya jikoni, unapewa pole sebuleni. Mama hakuwa na mtoto mwingine. Kumwacha peke yake hakuweza, na kutamka "mpenzi" mbele yake hakuthubutu. Basi jioni simu ikiita, mambo yalikuwa hivi:

"Umenikumbuka?" Mchoraji anauliza.

"Ndiyo, bosi. Ripoti iko mezani."

"Niite mpenzi mara moja tu, nilale nimeshiba."

"Hilo tutalijadili kwenye kikao."

Mwanzoni Mchoraji alicheka mpaka machozi. Baadaye alicheka kidogo, kisha akabaki ameishika simu iliyokatika. Wakitembea barabarani Mwalimu alimwita kila jina tamu, lakini yeye alitamani kuitwa kutoka ndani ya nyumba ile. Moyo nao una ukaidi wake.

Kazini, msimamizi wa Mchoraji alikataa zipu, akakataa kufuli, akakataa jicho kubwa. "Hayo kila mtu keshachora. Mtu akijua anasikilizwa, anakuwaje? Nichoree hilo."

Mchoraji akaacha kuchora, akaandika. Juu: *Umenikumbuka?* Chini yake: *Ripoti iko mezani.* Na pembeni, kwa herufi ndogo: *Kuna mtu anasikiliza.* Msimamizi akalitazama bango, akasema, "Hili." Mwenye maneno hakuulizwa.

Mwalimu aliliona bango hilo siku ya ufunguzi wa maonyesho, kubwa kuliko mlango, watu wakilicheka.

"Umenianika," alisema.

"Sijakutaja."

"Na mama umemgeuza mpelelezi. Yule amemzika mwanawe wa pekee."

"Najua unamheshimu. Lakini heshima hiyo inaniuma mimi, nitafanyaje?"

Mwalimu akaondoka, na simu zikakoma.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo. Hiki hakikuwa na mshindo wowote, kilikuwa kimya tu. Mchoraji alitamani hata ile ripoti. Akipita karibu na shule alipunguza mwendo, akisikia sauti nzito dukani aligeuka. Mwalimu naye alisahihisha mitihani akimpa mwanafunzi alama za mwenzake. Walitamaniana, basi, na kila mmoja alimngoja mwenzake aanze.

Alasiri moja namba ya Mwalimu ikaita. Sauti ilikuwa ya mwanamke mtu mzima.

"Wewe ndiye bosi?"

Mchoraji akasimama, kana kwamba anaonekana. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyu mkwe wangu hali, halali. Nimemuuliza kama bosi amemfukuza kazi, akalia. Mwalimu mzima." Akakohoa. "Mwanangu, mimi nimejua tangu zamani. Nani anatoa ripoti ya kazi huku anatabasamu? Nikanyamaza nisimwaibishe. Yeye ananisitiri mimi, mimi namsitiri yeye, kumbe wewe tumekuacha nje."

Mchoraji akaketi tena.

"Binti yangu nimemlilia, na bado namlilia. Lakini sikumwomba mtu afe naye. Haya, zungumza naye. Mimi hapa siondoki, nimekaa."

Simu ikabadili mikono. Mchoraji alisikia pumzi, na kiti kikivutwa karibu.

"Mpenzi," Mwalimu alisema. "Mpenzi wangu, nimekukumbuka mno. Nisamehe. Mama anasema uje kesho akuone."

"Sikusema kesho," mama alisema nyuma yake. "Nimesema leo."